Sifuri Iko Juu

Kwanza sahau ulivyofundishwa kuhesabu.
Hapa sifuri haiko chini, pale mtoto anapoanzia vidole.
Hapa sifuri ni dari,
na sote tunaishi chini yake kwa deni:
hasi sita, hasi kumi na mbili, hasi kumi na nane,
kama wapangaji wa nyumba moja ya Mwananyamala,
kila mmoja na miezi anayodaiwa.

Ukiigusa, dari haikusukumi, haikuonyi.
Inakata.
Wimbi lililokuja na kichwa cha mviringo
linatoka limenyolewa bapa kama meza,
na hakuna fundi wa kulirudishia utosi.

Marehemu Kibwana, aliyenifundisha, alikuwa mtu wa mkanda.
Alipenda sindano ilale kwenye nyekundu.
"Mkanda una huruma. Ukiuzidishia unameza,
unakurudishia sauti yenye joto."
Kisha akaigonga kompyuta yangu kwa ukucha:
"Huyu hana. Huyu ni karani wa mahakama."

Jumamosi wamekuja saa nne, watu saba,
chumba futi kumi kwa kumi na mbili, magodoro ukutani.
Feni nimeizima, maana maiki inaisikia.
Jasho halisikiki, kwa hiyo linaruhusiwa.
Nawaomba wapige kwa nguvu watakayopiga kweli;
mtu akiambiwa ni majaribio
hupiga kama mkwe ugenini,
taa ya kurekodi ikiwaka ndipo anavunja vyombo.
Kwa hiyo nawaachia nafasi. Hasi kumi na nane,
na juu yake patupu,
kama unavyoacha sufuria ya maziwa isijae.

Kisha yanaanza.
Chuwa wa besi anataka besi.
Selestini wa ngoma anataka ngoma.
Nuruana, anayeimba, hasemi; anakitazama tu kitelezi chake
jinsi mtu anavyoitazama mizani ya muuza nyama.
Hakuna aliyewahi kuniambia: mshushe mwenzangu.

Ndipo namkabidhi Chuwa kitelezi namba kumi na sita.
"Hiki chako. Pandisha mwenyewe, taratibu."
Anapandisha. Anafumba macho. Shingo inaanza kucheza.
"Hapo! Hapo sasa! Umesikia?"

Namba kumi na sita haijaunganishwa na kitu chochote.

Miaka mitatu nilicheka peke yangu.
Mpaka usiku mmoja wa Ramadhani, nachanganya kaswida, daku imekaribia,
nikapandisha kumi na sita kwa kujisahau
nikasikia dufu zikisogea mbele, wallahi, nikazisikia,
nikaandika kwenye daftari: *nzuri, iache hapo.*

Tangu siku ile nina mita mbili na aibu moja.
Mita ya kwanza ni mbea wa mtaa:
kila kishindo imo, inaruka, inaanguka.
Ya pili ni nzito, inapima wastani,
haiulizi nani kapiga kelele,
inauliza nani amekaa muda mrefu.
Kofi na mzigo ni vitu viwili.

Leo, dakika ya tatu na sekunde kumi na moja,
kilele kirefu kuliko vyote.
Nikamshuku Selestini. Nikamzima; kilele kikabaki.
Nikazima besi, gitaa, kinanda, mmoja mmoja,
hadi akabaki Nuruana peke yake, anasema *pole*,
kwa upole, karibu mno na maiki,
na ile P imeipiga dari.

Nimeipunguza P tu, desibeli tano.
Sehemu iliyobaki ya neno sikuigusa.

"Mbona wimbo wa kinyozi pale Kijitonyama unapiga zaidi ya wetu?"
Namwambia, kinyozi ana kitasa cha sauti, na ana wateja wasiosikilizana.
Haniamini. LUKU inaanza kulia, yuniti tatu.
Nahifadhi kazi. Nahifadhi tena.
Chuwa, kidole kingali juu ya kumi na sita,
ananiangalia kwa unyenyekevu:
kidogo tu, fundi, kabla umeme haujakata?

Ongeza, namwambia.


Namwona anavyosikia.